Gari la Umeme Litatua Wapi Baada ya Malindi?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba neno kituo lilikuja pamoja na basi na gari la moshi. La hasha. Kituo ni mtoto wa kitenzi tua, yaani kushusha mzigo, na aliyekuwa akitua zamani hakuwa gari bali mpagazi. Msafara ulipotoka pwani kwenda bara, kiongozi wake hakuanza kwa kuuliza ni maili ngapi hadi mwisho wa safari. Aliuliza maji yako wapi. Penye kisima ndipo palipotuliwa mizigo, na nyika isiyo na kisima ilivukwa mbiombio kabla jua halijakuwa kali. Umbali ulihesabiwa kwa vituo, na vituo viliamuliwa na maji.

Petroli ilitusahaulisha elimu hiyo. Dereva wa leo anayetoka Mombasa kwenda Garsen hujaza tangi, akaondoka, na akiishiwa njiani ataletewa mafuta katika jerikeni nyuma ya bodaboda. Umeme haubebwi katika jerikeni wala hauuzwi katika chupa kando ya barabara. Ndiyo maana gari la umeme, ambalo magazeti hulisifu kuwa chombo cha karne ijayo, linamrudisha dereva kwenye hesabu ya kiongozi wa msafara: kituo kiko wapi, kina nini, na nikikikuta kimefungwa nitafanyaje? Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Kisima kilikuwapo kabla ya msafara. Kituo cha umeme hakipo mpaka mtu aketi ofisini, aitazame ramani na kuamua kukiweka. Kwa hiyo nusu ya safari ya gari la umeme hupangwa na mtu asiyesafiri.

Natumia mfano wa barabara ya kutoka Mombasa kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe, mkabala na kisiwa cha Lamu, kwa sababu inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko barabara kuu ya Nairobi. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120. Malindi hadi Garsen ni takriban 110. Garsen hadi Mokowe zinapita 110 kidogo. Jumla yake inakaribia kilomita 340. Tuchukue gari ambalo mwalimu wa Kenya angeweza kulipata kwa mkono wa pili kutoka Japani, Nissan Leaf yenye betri ya yuniti 40. (Nasema yuniti kwa maana ile ile ya bili ya stima, yaani kilowati moja kwa muda wa saa moja.) Gari hili, katika mwendo wa kawaida wa barabara kuu, hula takriban yuniti 16 kwa kila kilomita 100. Kwenye karatasi, betri iliyojaa itampeleka mtu kilomita 250. Lakini hakuna mtu mwenye akili zake anayepanga safari ya kuimaliza betri, kama vile nahodha hapangi kufika bandarini na pipa la maji likiwa kavu. Ukiacha akiba ya moja ya tano, zinabaki kilomita 200, na betri iliyokwisha kuzeeka hupunguza zaidi. Kutoka Mombasa, gari hilo haliwezi kufika Garsen kwa usalama bila kutua Malindi. Na kutoka Malindi haliwezi kufika Mokowe bila kutua Garsen au Witu.

Hapo ndipo tarakimu zinapoanza kusema mambo ya siasa. Kilomita 110 za kutoka Malindi zimekula karibu yuniti 18. Kuzirudisha kwa soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya pasi na birika, huchukua saa 8. Mashine ya kuchajia ya kilowati 7, ambayo hata hoteli ndogo inaweza kuifunga ukutani, huzirudisha kwa saa mbili na nusu. Mashine ya haraka ya kilowati 50 huzirudisha kwa muda usiofika nusu saa, yaani muda wa kunywa chai na kuswali. Tofauti ya saa 8 na nusu saa haitokani na gari wala na dereva, kwa maana gari ni lile lile. Inatokana na kile kilichowekwa au kisichowekwa Garsen.

Bei nayo haina ubishi. Mwaka 2023 mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta nchini Kenya ilitangaza bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa yuniti, na nusu yake nyakati ambazo matumizi ni madogo. Kwa bei hiyo, yuniti 18 ni shilingi 288. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa zaidi ya lita 9 katika mwendo huo huo, na hata tukisema lita ni shilingi 180, hiyo ni zaidi ya shilingi 1,600. Mwendeshaji wa kituo ataongeza faida yake juu ya bei ya stima, na ni haki yake, lakini nafasi iliyobaki katikati ni pana ya kutosha dereva na mwendeshaji wote wawili.

Yako mambo mengine ambayo mpangaji wa safari hana budi kuyajua, nami nitayapitia upesi. Plagi hazifanani: magari mengi ya Japani hutumia ile iitwayo CHAdeMO, ya Ulaya hutumia CCS, na ya China yana yake, kituo chenye plagi moja ni kama kisima chenye kamba isiyofika maji. Mwendo wa kasi hula betri kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, na anayeshuka kutoka kilomita 110 kwa saa hadi 80 huweza kuokoa kituo kizima. Joto la Garsen litadai kipozahewa. Na baada ya asilimia 80 betri hupokea umeme polepole, basi msafiri mjuzi hangoji ijae pomoni bali huondoka mapema na kutua tena mbele. Mpanda Nairobi ana mzigo ambao msafiri wa pwani hana: gari la tani moja na robo tatu likipandishwa kwa mita 1,700 hula takriban yuniti 8 kwa ajili ya mlima peke yake, ingawa sehemu yake hurudi linapoteremka. Pwani yetu ni tambarare. Kwa upande wa fizikia, barabara ya Lamu ni rahisi kuliko ya Nairobi.

Lakini safari haziamuliwi na fizikia peke yake. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na anayepanga safari ya umeme lazima ahesabu marejeo kabla ya kwenda. Akifika Mokowe na betri ya asilimia 20, na pale akose pa kutua, amejifunga mwenyewe. (Kisiwani Lamu hatalihitaji gari, punda wa Lamu walikuwa vyombo visivyotoa moshi kabla ya sisi kuanza kuandika sera juu yake.) Isitoshe, barabara hii ina saa zake. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, sehemu ya Garsen hadi Lamu imekuwa barabara ya tahadhari. Magari yamesindikizwa na polisi, na safari za usiku zimepigwa marufuku kwa vipindi virefu. Mnamo Januari 2, 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro na abiria wakauawa. Katika barabara ya namna hiyo, mtu aliyelazimika kusubiri saa 8 kwenye soketi ya duka Garsen hajapoteza subira tu. Amepoteza mchana. Mtaalamu wa Nairobi anayeandika kwamba kuchaji polepole ni "usumbufu mdogo" hana budi kwanza aeleze jua litamkuta wapi msafiri huyo.

Halafu kuna mafuriko. Novemba 2023, mvua za El Niño ziliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu katika eneo la Gamba, na abiria wakakwama pande zote mbili. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mto Tana ulifurika tena. Betri ya gari la umeme hufungwa isiingie maji, na gari linaweza kuvuka dimbwi. Lakini haliwezi kuvuka mto uliohamia barabarani, na hakuna gari linaloweza. Tatizo kubwa zaidi ni la kituo chenyewe. Mashine ya kuchajia iliyojengwa mahali panapofurika ni pesa zilizozikwa, na inaweza kuwa hatari kwa watu.

Sasa tuutazame mto huo kwa makini, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wa jiografia hufundishwa kwa vipande viwili visivyokutanishwa. Katika kipande cha kwanza hukariri mabwawa ya umeme ya mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kwa pamoja yana uwezo wa karibu megawati 600. Katika kipande cha pili hukariri kwamba Tana huishia katika delta, eneo la kilimo cha mpunga na maembe la Wapokomo na malisho ya Waorma na Wawardei, ambalo mwaka 2012 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ni nadra kuambiwa kwamba hivi ni vipande vya habari moja. Maji yanayozungusha mitambo ya Gitaru ndiyo yale yale yanayofika Garsen, na kutoka Garsen hushuka Chara na Ozi hadi baharini karibu na Kipini. Mabwawa yakijaa na kumwagika, kama Masinga ilivyomwagika mwaka 2024, wakazi wa chini huambiwa wahame. Umeme huenda Nairobi na maji ya ziada huja Chara.

Mtu atasema kwamba huku ni mbali na gridi. Si kweli, na hapa ndipo ninapowalaumu wapangaji waziwazi. Laini kubwa ya umeme ya kilovolti 220 inatoka Rabai, inapita Malindi, inafika Garsen na kuendelea hadi Lamu. Laini nyingine inatoka Garsen kwenda Hola na Garissa. Garsen basi ni njia panda ya umeme kama ilivyo njia panda ya barabara. Barabara ya lami ya Lamu, Witu na Garsen nayo, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2017, imekwisha kuondoa ile hoja ya zamani kwamba huko hakupitiki. Nguzo ziko, nyaya ziko, lami iko. Kilichobaki ni sanduku la chuma lenye kebo, paa, taa ya usiku na mtu wa kulitunza. Sanduku hilo limewekwa kwa wingi Nairobi, katika maegesho ya maduka makubwa, ambako kila mwenye gari la umeme ana soketi nyumbani kwake na hutumia kilomita 40 kwa siku. Yaani tumeweka visima kando ya mto na kuiacha nyika.

Jibu la kawaida ni kwamba hakuna magari ya umeme Garsen, basi kituo cha nini? Ni hoja ya kuku na yai, na wanaoitoa hujifanya hawajui kwamba serikali ndiyo hulijibu swali hilo kila mara inapotaka. Norway haikungoja magari ndipo iweke vituo katika mabonde yake yenye watu wachache. Iliviwekea ruzuku vituo vya barabara kuu mapema, na mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Norway ni tajiri, nakubali. Basi tuitazame jirani yetu Ethiopia, ambayo mwezi wa Januari 2024 ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli, ikiwa na umeme mwingi wa maji na ukosefu mkubwa wa fedha za kigeni. Sisemi tuige marufuku hiyo. Ninachosema ni kwamba nchi hizo mbili, moja kwa ruzuku na nyingine kwa shuruti, zilikubali kwamba mpangaji ndiye hutangulia.

Na Chara je? Nimeitaja mara mbili na pengine msomaji anajiuliza gari la umeme linahusikaje na vijiji vya delta, ambako barabara ni ya udongo mweusi unaonata mvua inapoanguka, na ambako mtumbwi bado ni chombo cha usafiri na si kitu cha makumbusho. Swali ni zuri. Nalo lina jibu ambalo sera zetu za magari zimelikosa kwa kuwa zimeandikwa na watu wenye magari. Rasimu ya sera ya taifa ya usafiri wa umeme ilizinduliwa mwezi wa Machi 2024. Tangu hapo mazungumzo yetu yamejaa motokaa, hali pikipiki ndizo nyingi zaidi miongoni mwa vyombo vya umeme vilivyosajiliwa Kenya. Safari ndefu ya mtu wa Chara ni ile ya kumpeleka mama mjamzito au gunia la maembe hadi Garsen kwa bodaboda. Hiyo ndiyo safari inayohitaji kupangwa.

Kwa chombo hicho, kituo si lazima kiwe kikubwa. Betri ya pikipiki ya umeme hubeba takriban yuniti 3 na huipeleka kilomita 70 hivi, pungufu kidogo kwa mzigo mzito na njia mbovu. Paneli mbili za jua za wati 400 kila moja, zikipata saa 5 za jua kamili, hutoa yuniti 4. Ukiondoa kinachopotea njiani, zinatosha kuijaza betri moja kwa siku. Paneli ishirini ni betri kumi. Kando ya Ziwa Victoria jambo hili halikubaki ndoto: kampuni ya WeTu ina vituo vya jua ambavyo vilianza kwa taa za wavuvi na vikaongezewa pikipiki za umeme. Na mwaka 2024 pikipiki iliyotengenezwa Nairobi na kampuni ya Roam ilisafiri, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Stellenbosch, kutoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, kiasi cha kilomita 6,000, ikichajiwa kwa umeme wa jua. Wale walifanya hasa kile alichofanya kiongozi wa msafara, ila kisima chao kilikuwa juu angani.

Tena tusijidai kwamba elimu hii ni ngeni vijijini. Kabla stima haijafika, kila kijiji kilikuwa na kibanda cha kuchajia simu, na mwenye kibanda alijua nani alipe kwanza, nani akopeshwe, na betri ipi imekufa. Wakazi wa delta pia walijua kupanga njia zao kabla ya ofisi za mipango kuwapo. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha mto Tana na mto Ozi, na baadaye Tana yenyewe ikahamia humo na kutokea baharini karibu na Kipini. Mtu akitaka kuelewa kwa nini kituo kisijengwe popote tu katika delta, na ausome mfereji huo.

Walimu wa Kiswahili huenda wakaniuliza juu ya msamiati, na ningesikitika wasiponiuliza. Umeme hapo kwanza ulikuwa mwako wa radi, kisha tukaupa kazi ya nyaya. Stima ni meli ya mvuke iliyopanda kutoka bandarini hadi kwenye taa za Wakenya. Lugha yetu haikuogopa kulipatia neno la zamani kazi mpya. Kuchaji limekwisha kuingia, na sioni haja ya kulifukuza. Ila kwa ule mwendo ambao betri iliyojaa huweza kumfikisha mtu, nasikia watu wakitumia neno la Kiingereza kana kwamba Kiswahili hakina masafa. Na ile hofu ya kukwama njiani, ambayo wenzetu wameibuni istilahi ndefu, sisi tuna kitenzi kimoja kinachotosha: kuishiwa. Mwanafunzi apewe barabara ya Mombasa hadi Mokowe, apewe betri ya yuniti 40, aambiwe apange vituo, aeleze kwa insha kwa nini amevipanga hivyo na nini kitampata akivikosa. Atajifunza hesabu, jiografia na uraia katika kipindi kimoja.

Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa ni wa miaka ya 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa kabla huo haujamalizika, na kwa mujibu wa katiba wananchi lazima waulizwe. Mikutano hiyo hufanyika mchana wa siku za kazi, na wanaohudhuria mara nyingi ni wazee na wachache wenye nafasi. Walimu wa Garsen, Ngao na Chara, pamoja na wanafunzi wao wa vidato vya juu, wanaweza kwenda na maswali yaliyoandikwa. Je, Garsen itatengewa mashine ya kilowati 50 au itaachiwa soketi ya ukutani? Itajengwa kwenye kiwanja kipi, na maji ya mwaka 2023 yalifika kimo gani katika kiwanja hicho? Itakuwa na plagi za aina ngapi? Kituo cha jua cha pikipiki, na pengine cha injini za mashua, kitawekwa upande gani wa mto, na nani atashika ufunguo wake barabara ya Chara itakapokatika?